Gumba la eskaveta likigoma, usianze na pampu

Gumba ni kile kidole cha chuma kinachofungwa chini ya mkono wa eskaveta ndogo, mkabala na baketi, ili mashine iweze kubana jiwe, kisiki au kipande cha zege na kukibeba. Likigoma, lawama ya kwanza huangukia pampu, nayo ni miongoni mwa vifaa vya gharama kubwa zaidi katika mfumo wa haidroliki. Kabla hujashika spana, inua boomu, kunja mkono, kunja baketi. Kama vyote vinakwenda kwa kasi na nguvu zake za kawaida, pampu kuu ni nzima na fundi anayetaka kuifungua azuiwe. Baadhi ya eskaveta ndogo zina pampu nyingine ya kuzungusha kibanda na kuinua bledi, na huenda ndiyo inayolisha gumba, hivyo jaribu na hivyo viwili. Vikilegea pamoja na gumba, hapo ndipo pampu hiyo inaanza kushukiwa.

Mafuta ya gumba hupita kwenye laini ya ziada, ambayo kwenye mashine nyingi imeandikwa AUX. Opereta anasukuma kitufe kwenye joistiki, umeme unafika kwenye koili ya solenoidi. Solenoidi inafungulia presha ndogo, kwa kawaida bar 30 hadi 40, na presha hiyo inasukuma spuli, yaani kile kipande cha chuma kinachoteleza ndani ya valvu kuu. Spuli ikihama, mafuta yenye presha ya bar 200 hivi, au zaidi, yanaelekea kwenye silinda ya gumba. Umeme kwanza, presha ndogo inafuata, presha kubwa mwisho. Tatizo lifuatwe kwa mpangilio huo, ila kwanza malizia ukaguzi usiogharimu chochote.

Leva ya usalama iliyo pembeni mwa kiti isiposhushwa sawasawa, presha ndogo haipo kabisa, lakini hilo ungeligundua mapema kwa sababu hata boomu isingeinuka. Kinachosahaulika zaidi ni kitufe cha kuwashia AUX. Kwenye mashine nyingi za kisasa kitufe hicho hujizima kila unapozima injini, na opereta mgeni anaweza kushinda asubuhi nzima akiamini mashine imekufa. Angalia fyuzi. Angalia pia koki ndogo zilizo karibu na ncha ya mkono, zinazofungwa wakati wa kubadilisha vifaa. Moja ikibaki imefungwa, gumba halisogei popote.

Halafu kuna valvu ya kuchagulia, na hapa naomba msomaji atulie, kwa sababu magumba mengi yanayodhaniwa kuwa mabovu yanateswa na kileva chake tu. Nyundo ya kuvunjia mawe inataka mafuta yaende kwa laini moja, na yakirudi yaingie moja kwa moja kwenye tangi bila kuzuiwa. Gumba linataka kinyume chake: laini zote mbili zipitie kwenye valvu kuu na zipokezane, hii ikipeleka mafuta, ile ikirudisha. Ndiyo maana mashine yenye laini ya kazi zote mbili huwekewa valvu ya kuchagua kati ya njia moja na njia mbili. Jana mashine ilikuwa inavunja mwamba, leo imefungiwa gumba, na kileva hakikuguswa. Matokeo yake ni gumba linalofunga vizuri lakini halifunguki, au linalofunguka kwa kuanguka kwa uzito wake, kwa sababu laini moja bado iko wazi kuelekea tangini. Mashine zilizotumika zinazoshushwa Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani huwa na maandishi ya Kijapani, kwa hiyo usikitafute kileva hicho kwa kusoma. Fuata hozi ya kurudisha mafuta kwa macho mpaka ukikute. Nyingine zilifungwa mabomba ya nyundo peke yake tangu mwanzo. Kwa hizo dawa ni kuongezewa valvu na laini ya pili, na kufungua silinda hakutasaidia lolote.

Kapla za kuchomeka nazo zina vitimbi vyao. Kapla isipoingia mpaka mwisho, valvu iliyo ndani yake haifunguki, na kwa nje inaonekana imeshika. Gumba likiachwa juani likiwa limechomolewa, mafuta ndani ya silinda hupata joto, yanatanuka, na kapla inakataa kuingia. Presha inaweza kubaki upande wa mashine pia, na kwenye mashine nyingi hutolewa hivi: baketi chini, injini izimwe, swichi irudishwe kwenye hali ya kuwaka bila kuwasha injini, AUX iwashwe, kisha kitufe cha gumba kisukumwe huku na huku mara kadhaa. Kuigonga kapla kwa nyundo ni kuiharibu.

Kama yote hayo yako sawa, nenda kwenye umeme. Mwenzako asukume kitufe, nawe gusisha bisibisi ya chuma kwenye nati ya koili: koili inayofanya kazi huivuta bisibisi kwa sumaku. Isipovuta, pima ukinzani wa koili zote mbili kwa mita na uzilinganishe. Mapacha hawa wanapaswa kufanana. Fundi asishtuke akiona volti pungufu ya 12 wakati kitufe kimesukumwa nusu, kwa sababu kwenye mfumo unaoongeza mwendo kidogo kidogo kompyuta hukatakata umeme kwa makusudi. Kipimo kinachoshinda hivi vyote ni kubadilishana soketi za koili mbili. Tuseme gumba halifungi. Badilisha soketi, kisha sukuma upande wa kufungua. Likifunga, koili na valvu ni nzima, na ubovu uko kwenye waya au kitufe. Likigoma bado, acha waya, shughulika na koili au spuli.

Mantiki hiyo hiyo inafaa kwenye hozi. Presha ikishatolewa, badilishana hozi mbili pale zinapoingia kwenye gumba. Ubovu ukihamia upande mwingine, sasa gumba likawa halifunguki, tatizo liko upande wa mashine. Ukibaki palepale, tafuta kwenye silinda na hozi zake.

Gumba linalosogea lakini haliridhishi linahitaji jicho tofauti. Kasi hutokana na wingi wa mafuta, nguvu hutokana na presha, na anayevichanganya hununua vipuri visivyohitajika. Chukua silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 60 na mwendo wa milimita 400: inajazwa na lita 1.1 hivi. Ikipata lita 40 kwa dakika, inamaliza safari kwa chini ya sekunde mbili. Ikipata lita 10, inachukua karibu sekunde saba. Kwa hiyo gumba la polepole huenda likahitaji tu mpangilio wa AUX kwenye skrini uongezwe. Silinda hiyo hiyo kwa bar 200 inasukuma kwa karibu tani 5.8, ila ikivuta inabaki na 3.8 hivi, kama fimbo yake ina unene wa milimita 35. Basi gumba linalofunga kwa nguvu na kufunguka kwa unyonge kidogo halina ugonjwa.

Likiwa na nguvu asubuhi na kulegea mchana, mafuta yamekuwa mepesi kwa joto na yanavuja ndani kwa ndani. Usihukumu sili za silinda kwa sababu tu gumba linashuka lenyewe likiachwa, kwani spuli zote huvuja kidogo. Pima sili hizo hivi: sukuma silinda mpaka mwisho, zima, toa presha, fungua hozi ya upande wa fimbo na uizibe, kisha simama mbali wakati opereta anasukuma tena. Mafuta yakitoka mfululizo kwenye tundu la silinda, sili ya pistoni imekwisha.

Nina ombi moja kwa wamiliki. Baketi ina nguvu kuliko gumba, na ikikunjwa gumba likiwa limebana, gumba linapaswa kusalimu amri na kurudi nyuma. Kinacholiruhusu ni valvu ya usalama ya laini yake. Opereta huona hali hiyo kama udhaifu, fundi anakaza skrubu, na gumba halirudi tena. Kuanzia hapo mafuta yaliyofungiwa kwenye silinda yanabanwa na baketi mpaka presha inapita ile ya pampu, na kinachofuata ni fimbo kupinda, pini kukatika au hozi kupasuka mbele ya kibanda. Skrubu hiyo ikazwe kwa geji na kwa kipimo cha mtengenezaji peke yake. Kama laini ya gumba haina valvu hiyo kabisa, iwekewe kabla mashine haijarudi kazini.

Na tundu dogo la hozi lisitafutwe kwa kiganja hata mara moja. Tumia kipande cha kadibodi. Mafuta ya presha kubwa hupenya ngozi kupitia kitundu kinachoonekana kama cha sindano, mara nyingi bila maumivu makubwa mwanzoni, na mkono unaweza kukatwa usipofanyiwa upasuaji mapema. Aliyepatwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na daktari aambiwe wazi kwamba ni mafuta ya haidroliki yaliyoingia kwa presha.