Kifurushi Kinaposhushwa kwa Kamba: Mambo ya Kujua Kuhusu Ndege Nyuki

Katika safari yote ya kifurushi, kipande kigumu zaidi ni cha mwisho, yaani kutoka ofisi ya msafirishaji hadi mkononi mwa mpokeaji. Katika miji yetu kipande hiki hubebwa na bodaboda. Dereva hupiga simu, huulizia nyumba, hungoja getini, kisha hukukabidhi mzigo nawe ukatia saini. Katika baadhi ya miji ya nje kazi hiyo sasa hufanywa na ndege zisizo na rubani, ambazo wengi wetu tunaziita ndege nyuki.

Teknolojia yenyewe si ngeni katika kanda yetu. Tangu mwaka 2016 kampuni ya Zipline imekuwa ikipeleka damu katika hospitali za Rwanda, ikiidondosha kwa mwavuli. Mwaka 2018 matokeo ya majaribio yaliyofanyika hapa nchini yalionesha kuwa dawa ziliweza kurushwa kilomita 60 juu ya Ziwa Victoria hadi Ukerewe kwa takriban dakika 40. Hata hivyo, katika safari hizo mpokeaji alikuwa mtumishi wa afya aliyekuwa na taarifa, akingoja mahali palipoandaliwa. Nyumba ya Sinza au ghorofa la Kariakoo ni mazingira tofauti kabisa.

Huduma ya mijini ina utaratibu wake. Katika mfumo wa kampuni ya Wing, uliotumika Canberra na Logan nchini Australia, mteja huchagua kwenye simu eneo wazi la ua wake. Ndege huelea juu ya eneo hilo kwa kimo cha mita 7 hivi, hushusha kifurushi kwa kamba, na kikigusa ardhi kamba hukiachia. Mzigo ni mdogo, wa kilo moja na ushei: dawa, chakula, kahawa. Anayetarajia gunia la mchele aendelee kumtegemea bodaboda.

Kwa mtumiaji, swali kubwa liko katika makabidhiano. Ndege haitii saini wala haimwambii mtoto wa jirani aweke mzigo chini. Ujumbe wa simu usemao “kifurushi kimefika” unathibitisha kwamba kamba imeachia, na hauthibitishi kwamba wewe umepokea. Kwa maoni yetu, tofauti hiyo ndiyo itakayozaa malalamiko mengi pindi huduma hii itakapoenea. Kabla ya kukubali kuhudumiwa hivyo, soma masharti na utafute jibu la jambo moja: wajibu wa msafirishaji unakoma lini? Unakoma kifurushi kinapogusa ardhi, au wewe unapothibitisha kukipokea? Uliza pia mvua ikinyesha itakuwaje, na nani atalipa iwapo mzigo utatua upande wa pili wa ukuta. Kama majibu hayapo kwa maandishi, simu mpya au nyaraka za thamani ziletwe na mtu.

Suala la anwani nalo lisipuuzwe. Namba ya nyumba na jina la barabara humsaidia dereva, lakini ndege hufuata alama uliyoiweka kwenye ramani. Kosa la mita kumi barabarani hurekebishwa kwa simu moja. Kosa hilohilo angani huupeleka mzigo juu ya bati la jirani. Mkazi wa ghorofani asiye na ua huenda akaelekezwa kituo cha pamoja cha kuchukulia. Hapo ana haki ya kuhoji kwa nini alipe nauli ya kuletewa mlangoni ilhali ameshuka ngazi na kutembea mwenyewe.

Majirani ambao hawakuagiza kitu wanahusika vilevile. Mwaka 2018 wakazi wa kitongoji cha Bonython, Canberra, walilalamikia kelele. Mwaka 2021 huduma ilisitishwa kwa muda katika sehemu ya jiji hilo baada ya kunguru kuzishambulia ndege. Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa zaidi. Ikiwa ndege ina kamera, picha zinazoweza kumtambulisha mtu ni taarifa binafsi, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Mtoa huduma anahitaji ruhusa za aina mbili: kibali cha kurusha ndege kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na leseni ya kusafirisha vifurushi kutoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Omba kuoneshwa vyote kabla ya kulipa. Mzigo ukipotea au kuharibika, hifadhi namba ya oda, saa na picha ya mahali, kisha mwandikie kwanza msafirishaji. Usiporidhika, peleka lalamiko Mamlaka ya Mawasiliano.

Ndege ikianguka uani kwako, usiiguse wala kuiingiza ndani, kwa kuwa betri ya lithiamu iliyopasuka inaweza kuwaka moto hata baada ya muda. Waondoe watoto, ipige picha ukiwa mbali, kisha utoe taarifa polisi na kwa mwenye ndege.