Matembezi ya Ufukweni na Mtoto Mwenye Usonji

Karibu kila parokia ina mama anayeketi benchi la mwisho, jirani na mlango. Si kwamba amechelewa Misa. Anaketi pale kwa sababu ngoma na kayamba zikianza wakati wa Utukufu, mwanawe huziba masikio, hupiga kelele na kukimbilia nje. Waumini hugeuka kutazama. Baada ya Jumapili chache mama huyo huanza kubaki nyumbani, na mtoto naye hufungiwa ndani.

Huenda mtoto huyo ana usonji, hali ambayo wengine huiita otizimu. Mwezi huu tunapenda kueleza jambo moja ambalo familia yake inaweza kulifanya bila gharama kubwa, nalo ni kumtembeza kando ya maji. Tutataja faida yake, na tutataja pia hatari yake, maana hatari hiyo ni ya kweli.

USONJI NI NINI?

Usonji hauambukizi. Si laana, si pepo, wala hautokani na malezi mabaya ya mama. Ni hali ya ubongo kukua kwa namna iliyo tofauti, na mtu huishi nayo maisha yake yote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Basi parokia yenye waumini elfu kadhaa haiwezi kudhani kwamba jambo hili haliihusu.

Wenye usonji hawafanani. Yuko asiyetamka neno, na yuko anayesema bila kuchoka juu ya kitu kimoja akipendacho. Hata hivyo, kwa wengi wao tunaona mambo mawili. Kwanza, sauti, mwanga, harufu au mguso ambao sisi hatuujali, kwao unaweza kuwa mkali kama kipigo. Pili, wanapenda mambo yaende kwa utaratibu ule ule, na badiliko la ghafla huwatia hofu.

KWA NINI KANDO YA MAJI?

Sokoni mtoto hukutana na honi, wapita njia na maneno mengi kwa wakati mmoja. Ufukweni penye utulivu mambo ni machache. Wimbi huja, hurudi, na huja tena. Upande mmoja kuna maji, upande wa pili kuna miti. Hakuna anayemdai mtoto ajibu salamu. Tena kutembea kunamchosha mwili kwa namna nzuri, na wengi wao hulala vizuri zaidi usiku wanapopata mazoezi mchana.

Tusidanganyane: matembezi hayaondoi usonji. Yanampa mtoto saa moja ya amani nje ya kuta nne, na yanampa mzazi nafasi ya kupumua.

NJIA YA BAGAMOYO

Wengi wetu tumewahi kwenda Bagamoyo kuhiji, ila kwa makundi makubwa na nyimbo. Kwa mtoto huyu tunashauri mwende siku ya kawaida, familia peke yenu.

Anzieni kwenye majengo ya misioni ya zamani. Hapo pana mnara wa kanisa la kwanza la mwaka 1872, ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 1874. Pana groto ya Bikira Maria ya mwaka 1876. Pana mbuyu mkubwa ambao shina lake limemeza mnyororo, na mtoto anayependa vitu vidogo vidogo anaweza kuutazama kwa muda mrefu bila kuchoka. Kisha ifuateni njia ya miembe mpaka ufukweni, penye msalaba unaokumbusha kufika kwa wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1868. Njia haina milima ya kupanda, na miembe ina kivuli.

Ubora wa njia hii ni kwamba ina vituo vinavyofuatana: mnara, groto, mbuyu, miembe, msalaba, bahari. Mtoto anaweza kuvihesabu. Akishavijua, anajua pia kilichobaki na wakati wa kurudi nyumbani.

JINSI YA KUJIANDAA

1. Mweleze mapema. Siku moja au mbili kabla, mwonyesheni picha au michoro ya vituo kwa mpangilio wake. Mara nyingine mnapokwenda, fuateni mpangilio ule ule.

2. Chagueni saa. Asubuhi mapema jua si kali na watu ni wachache. Epukeni sikukuu na siku za hija.

3. Jali masikio na ngozi yake. Chukueni kofia au kitambaa cha kuziba masikio. Kama hapendi mchanga miguuni, abaki na viatu vyake. Bebeni maji ya kunywa na chakula alichokizoea.

4. Msimlazimishe kufika mwisho. Siku ya kwanza akiishia kwenye mbuyu, mshukuruni Mungu, mrudi.

5. Akizidiwa na kuanza kulia au kujipiga, msimchape wala msimfokee. Huo si utundu. Punguzeni maneno, mpelekeni kivulini, mzuieni asijiumize, mkasubiri mpaka atulie.

HATARI YA MAJI

Hapa tunaomba wazazi wasome polepole. Watoto wengi wenye usonji huponyoka na kwenda zao bila kuaga, na wengi wao huvutwa sana na maji. Kuzama majini ni moja ya sababu kubwa za vifo vya watoto wanaopotea kwa namna hiyo. Mtoto anaweza asione hatari, na akiitwa jina lake anaweza asigeuke.

Kwa hiyo, mtu mzima mmoja awe na kazi moja tu, yaani kuwa na mtoto huyo umbali wa kumshika mkono. Asiwe mpiga picha, wala mbeba mtoto mwingine. Msiseme, “Tupo wengi, tutamwangalia wote,” kwa sababu penye wengi kila mmoja hudhani mwenzake anatazama.

Mshoneeni ndani ya shati kitambaa chenye namba ya simu ya mzazi. Ulizeni wavuvi saa za maji kupwa na kujaa. Bahari ikipwa mtoto anaweza kwenda mbali, na maji yakarudi akiwa bado huko. Baadhi ya wenye usonji wana kifafa pia. Mwenye kifafa asiingie majini bila mtu mzima kuwa kando yake. Ikiwezekana, mtoto afundishwe kuogelea.

Na akipotea, iwe ufukweni au nyumbani, mtafuteni kwanza penye maji: baharini, mtoni, kisimani, kwenye shimo au pipa. Nyumba za majirani zifuate baadaye. Dakika chache zinaweza kuokoa uhai wake.

Wasomaji wanaokaa kando ya maziwa wanaweza kufuata mashauri haya haya, ila watembee nchi kavu. Maji ya ziwa yanaweza kuwa na kichocho, na mahali pengine mna mamba.

NA SISI MAJIRANI?

Jumuiya Ndogo Ndogo inaweza kusaidia kwa namna rahisi. Mmoja wetu amsindikize mama huyo mara moja kwa mwezi, amshike mkono mtoto mkubwa wakati mama anamwangalia mdogo. Asitoe mashauri mengi. Atembee naye tu. Kama mtoto hajapimwa, msaidieni mama kumfikisha kituo cha afya amweleze daktari au muuguzi, kwani msaada ukianza mapema mtoto hujifunza zaidi.

Na Jumapili ijayo, mtoto yule akipiga kelele wakati wa Utukufu, tusigeuke kutazama. Tumwachie mama yake nafasi karibu na mlango, na baada ya Misa tumwulize: “Mama, safari ya ufukweni ni lini? Tunakuja pamoja nawe.”