Watu Wane, Kitanda Kimoja

Somo letu linatoka Marko 2. Watu wane walibeba mutu aliyepooza mupaka kwa Yesu. Kama mumoja angevuta kuelekea nyumba yake, na mwingine angeachilia upande wake, mugonjwa angeanguka. Kitanda kilifika kwa sababu wote wane walikuwa na nia moja.

Siku moja baba mumoja wa Katuba alikuja kwetu, amekonda sana. Alikuwa akinywa dawa za kifua kikuu kutoka kituo cha afya cha mutaa wake. Tukamuuliza: "Baba, unakunywa dawa ingine?" Akanyamaza. Ndipo muke wake akafungua kitambaa: dawa za SIDA kutoka hospitali ingine, na chupa ya munganga wa miti. Watu watatu walitaka kumusaidia, lakini hakuna mumoja aliyejua kazi ya mwenzake. Hata sisi, mara ya kwanza alipokuja, hatukuuliza.

Hapo kuna hatari. Rifampisine, dawa kubwa ya kifua kikuu, inapunguza nguvu ya dawa fulani za SIDA, za kisukari, na vidonge vya kupanga uzazi. Munganga akijua, atabadilisha dawa ao kipimo. Asipojua, mugonjwa anameza kila siku bila faida.

Baba alipokubali, tuliandika dawa zote kwenye karatasi moja. Munganga akapanga kipimo upya. Infirmie wa kituo akahesabu vidonge, mujumbe wa afya wa mutaa akamutembelea, mama akamukumbusha kila asubui, muchungaji akaomba naye. Akamaliza miezi yake 6, akarudi kazini.

Tangu miaka ya 1980 inchi yetu imegawanywa katika zoni za afya, na hospitali nyingi za misioni zinatumika ndani yake. Lakini zoni haioni yaliyofichwa katika kitambaa chako. Kwa hiyo:

1. Leta dawa zako zote na karatasi zako zote, hata dawa za miti. Hatutakukaripia.
2. Ukikohoa majuma 2, nenda upimwe.
3. Usiache dawa kwa sababu umesikia nafuu.
4. Chagua mutu mumoja wa nyumbani wa kukukumbusha.

Na wewe muchungaji, usimuambie mugonjwa aache dawa. Shika upande wako wa kitanda, uombe, utembee pamoja na wengine. Bwana atusaidie. Amina.