Maganda ya muhogo na uzi wa hospitali: sayansi ni ya kweli, lakini tusitie saini haraka



Kwenye mkutano mmoja karibu na mashine ya muhogo, mama mmoja alisimama akaniuliza: «Agronomu, kuko mutu amepita hapa. Anasema maganda yetu yanaweza kutengeneza uzi wa kushona wagonjwa hospitalini. Kila mwanamemba atoe dola 5 ya kuandikishwa, kisha watakuja kuyanunua kwa bei nzuri. Ni kweli ao ni uongo?» Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Sanduku la kooperative lilikuwa na pesa za mbegu za msimu A, na kamati ilikuwa karibu kuzitoa.

Nilimjibu hivi: sayansi ni ya kweli, lakini biashara ile ilikuwa na mashaka makubwa. Leo ninapenda kueleza vyote viwili, ili kooperative zingine zisipoteze pesa, na ili tusiendelee kutupa maganda kama kitu kisicho na kazi.

Uzi unaoisha wenyewe

Mama aliyezaa kwa kupasuliwa anajua: kuna nyuzi ambazo munganga anazitoa baadaye, na kuna zingine zinaisha zenyewe ndani ya mwili. Zamani uzi wa namna hiyo ulitoka kwenye utumbo wa kondoo ao wa ng'ombe. Tangu miaka ya 1970, hospitali nyingi zimekuwa zikitumia nyuzi zinazotengenezwa kiwandani. Aina moja inayojulikana sana inashika kidonda kwa wiki 3 hadi 4, kisha inaisha kabisa kati ya siku 56 na 70.

Ndani ya uzi huo muna asidi mbili zilizounganishwa kama mnyororo mrefu. Moja inaitwa asidi laktiki. Maji ya mwili yanaukata mnyororo polepole, vipande vinakuwa vidogo, na mwisho mwili unavitoa kama maji na kama hewa tunayopumua nje. Kuna pia skrubu ndogo za kushika mfupa uliovunjika zinazotengenezwa kwa asidi laktiki. Hizo zinakaa miaka kadhaa mbele ya kuisha, lakini munganga hahitaji kumpasua mgonjwa mara ya pili juu ya kuzitoa.

Asidi hiyo si mgeni kwetu. Mkemia wa Sweden, Carl Scheele, aliipata mwaka 1780 ndani ya maziwa yaliyochacha. Na sisi tunaitengeneza kila wiki: tukilowesha muhogo siku 3 ao 4, maji yanakuwa machachu. Ule uchachu unatoka kwa bakteria wanaokula sukari ya muhogo na kutoa asidi laktiki. Wamama wetu wanaijua kwa pua mbele ya agronomu kuijua kwa kitabu.

Basi, kwa nini tusiuze maji ya muhogo?

Kwa sababu kati ya beseni letu na chumba cha upasuaji kuna njia ndefu. Kiwanda kinageuza wanga kuwa sukari. Kinawapa bakteria waliochaguliwa ile sukari, ndani ya matangi yaliyofungwa. Kisha kinaisafisha asidi mpaka isibaki na kitu kingine. Halafu kinaiunganisha kuwa mnyororo, kinaivuta kuwa uzi, na mwishoni kinaua vijidudu vyote kwa gesi ao kwa miali. Kazi ngumu na ya gharama ni kusafisha. Asidi ya kwenye beseni imechanganyika na udongo, na asidi zingine, na vijidudu vya kila namna.

Viwanda vikubwa vya leo vinatumia mahindi kule Marekani, na sukari ya miwa kule Thailand. Kiwanda cha Thailand kilijengwa ili kitoe tani 75,000 kwa mwaka. Na sehemu kubwa ya kinachotengenezwa inakwenda kwenye vikombe na mifuko. Ya hospitali ni kidogo sana, na masharti yake ni makali.

Je, mabaki ya muhogo yanaweza? Watafiti wa India na Brazil wamepata asidi laktiki kutoka kwenye makapi yanayobaki baada ya kukamua wanga wa muhogo. Lakini hiyo ni kazi ya maabara. Mutu akikuambia kwamba mwaka huu atanunua maganda ya kijiji ili ayafanye uzi wa hospitali, mwombe akuonyeshe kiwanda.

Mfano uliofaulu: maganda ya machungwa

Kuna mabaki ya chakula ambayo yamekwisha kufika hospitalini. Viwanda vya maji ya matunda vinabaki na maganda ya machungwa na ndimu, pia makapi ya tofaa. Ndani yake muna kitu kinachoitwa pektini, ndicho kinachofanya konfitiri ishikamane. Kinatolewa kwa maji ya moto yenye asidi, kisha kinatengwa kwa alkoli. Pektini inachanganywa na vitu vingine kutengeneza vitambaa maalum vya kufunga vidonda: inanyonya majimaji ya kidonda na kugeuka kama uji mzito, kidonda kinabaki na unyevu, na kitambaa hakiraruwi na nyama kikiondolewa.

Angalieni vizuri ni kitu gani kiliwasaidia wale wauza maganda. Ganda linaoshwa na kukaushwa haraka, mara tu baada ya kukamua tunda. Likilala limerundikwa, linaoza na pektini inaharibika. Mnunuzi hana haja nalo tena. Likiwa kavu na safi, linasafiri mpaka viwanda vya Ulaya. Somo ni hilo: wao waliuza usafi, ukavu na wingi, tena wakati kiwanda kilikuwa kimekwisha kujengwa.

Maganda yetu leo

Katika kilo 100 za muhogo, kilo 15 hadi 20 hivi ni maganda, na sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Kooperative inayomenya tani 10 kwa wiki inapata tani 1.5 hadi 2 za maganda mabichi. Zikikaushwa, zinabaki karibu kilo 500 hadi 650. Kwa kiwanda cha asidi hiyo ni kidogo sana. Kwa nguruwe na mbuzi wa wanamemba, ni mali.

Lakini hapana kuwapa mabichi: ganda lina sumu ya sianidi kuliko nyama ya muhogo. Njia iliyotengenezwa Nigeria na watafiti wa IITA na ILRI ni hii:

1. Ondoa vikonyo na udongo siku ileile ya kumenya.
2. Kwaruza maganda kwa mashine mara 2 ao 3 mpaka yawe laini.
3. Yatie ndani ya mifuko, yakamue kwa presi, yalale usiku mmoja.
4. Vunja mabonge, chekecha, anika kwenye bashi safi juani mpaka yakauke kabisa.
5. Yaweke fasi kavu, juu ya mbao. Yenye kuvu ya kijani ao nyeusi, tupa.

Tani 3 mbichi zinatoa karibu tani 1 ya chakula kikavu. Hakina protini nyingi, kwa hiyo changanya na soya ao majani ya kunde, na anza kidogokidogo.

Neno moja tena, juu nimeliona: hapana kuweka ganda ao unga wake kwenye kidonda cha mtoto. Kitambaa cha hospitali kimesafishwa mpaka kijidudu cha mwisho. Ganda la shambani linaleta uchafu na sumu ndani ya nyama.

Maswali 5 mbele ya kutia saini

Mutu akija na mradi wa maganda, kamati imuulize mbele ya wote:

- Kiwanda kiko wapi, na kinafanya kazi tangu lini?
- Ananunua ganda bichi ao kavu, na kwa bei gani kwa kilo?
- Nani analipa usafiri?
- Kwa nini mkulima atoe pesa mbele? Mnunuzi wa kweli ndiye analeta pesa.
- Atakubali kuandika mkataba na kulipa mzigo wa kwanza papo hapo kwenye mizani?

Kamati ile ilimuuliza yule bwana maswali hayo. Akasema atarudi na majibu. Mpaka leo hajarudi. Pesa za mbegu zilinunua mbegu. Na yule mama sasa anaandika kila wiki kwenye daftari kilo za maganda makavu. Ameniambia: «Siku kiwanda cha kweli kitakuja, kitatukuta tuko na hesabu.»

Nanyi muanze daftari hilo. Kama kooperative yenu imepata pendekezo la namna hii, leteni karatasi kwa agronomu wa eneo lenu. Tutaisoma pamoja mbele ya mtu yeyote kuweka kidole.