Mlango mdogo ulioishinda klorokwini

Mzazi wa Kibaha au Kisarawe aliyefikisha miaka 40 anaikumbuka vizuri klorokwini. Ni vile vidonge vichungu ambavyo mama alivisaga kwenye kijiko, akachanganya na sukari, na bado mtoto akavitema. Wengine wanakumbuka zaidi muwasho wa mwili uliowakosesha usingizi usiku kucha. Hata hivyo watu walivumilia, kwa sababu homa ilishuka.

Baadaye mambo yakabadilika. Mtoto alimaliza vidonge, homa ikatulia siku chache, kisha ikarudi. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali, ikaweka SP. Mwaka 2006 SP nayo ikaipisha dawa mseto ya ALu tunayoitumia hadi leo.

Wengi mitaani waliamini kwamba dawa zilikuwa zimechakachuliwa. Dawa bandia zipo na ni hatari, lakini hazikuwa sababu kubwa. Hata kidonge halisi, kilichomezwa kwa dozi kamili, kilishindwa. Kilichobadilika ni kimelea chenyewe, na hasa mlango mmoja mdogo ndani ya mwili wake.

Seli ni nyumba yenye milango

Kila seli ya mwili imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Maji, chumvi, sukari na baadhi ya dawa haziwezi kupenya mafuta hayo kwa urahisi. Zinahitaji mlango, na milango hiyo ni protini zilizopachikwa kwenye utando. Kimelea cha malaria nacho ni seli, kwa hiyo kina kuta na milango yake.

Wanasayansi wanajua maelfu ya milango ya namna hii, kuanzia kwa bakteria hadi kwa binadamu. Ili wasichanganyikiwe wameipanga katika makundi, kama karani wa masjala anavyopanga mafaili. Mpangilio unaotumika sana ulianzishwa na Milton Saier wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, na mwaka 2001 ukakubaliwa na umoja wa kimataifa wa wataalamu wa baiokemia. Kila protini hupewa namba yenye sehemu tano: kundi, kundi dogo, familia, tawi la familia, na mwisho protini yenyewe.

Swali la kwanza wanalouliza ni hili: mlango huu unafanyaje kazi, na nguvu unaipata wapi?

Kundi la kwanza ni mifereji. Ikifunguka, vitu hupita vyenyewe kutoka penye wingi kwenda penye uchache, kama maji yanavyoteremka mtaroni.

Kundi la pili ni wabebaji. Hawa hushika mzigo upande mmoja, hujigeuza, kisha huuachia upande wa pili. Baadhi hubeba mzigo mmoja, na wengine hubeba miwili kwa pamoja. Wapo pia wanaobadilishana, kimoja kikiingia kingine kinatoka.

Kundi la tatu ni pampu. Hizi hutumia nishati ya seli moja kwa moja kusukuma mzigo hata pale unapopanda mlima. Vidonge vya omeprazo anavyopewa mgonjwa wa vidonda vya tumbo hufanya kazi kwa kuzima pampu ya aina hii, ile inayomwaga asidi tumboni.

Yapo makundi mengine, lakini haya matatu yanatosha kueleza yaliyoipata klorokwini.

Dawa iliyotolewa nje

Kimelea cha malaria kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu hula himoglobini. Huimeng'enya kwenye kifuko maalumu ambacho tunaweza kukiita tumbo lake. Mlo huo huacha taka yenye madini ya chuma, na taka hiyo ni sumu kwa kimelea chenyewe. Ili kipone, huigandisha kuwa chengachenga zisizo na madhara.

Klorokwini huingia kwenye tumbo hilo, hujikusanya humo na kuzuia taka isigande. Kimelea hufa kwa sumu ya chakula chake.

Mwaka 2000 watafiti walitambua protini iliyo kwenye ukuta wa tumbo hilo, wakaiita PfCRT. Ni mbebaji, yaani wa kundi la pili. Katika kimelea cha kawaida hutoa mabaki ya chakula na haina shughuli na klorokwini. Protini hiyo ni mnyororo wa viungo 424. Katika vimelea sugu viungo kadhaa vimebadilika, na kinachobeba uzito mkubwa ni kiungo cha 76. Badiliko hilo humwezesha mbebaji kuishika klorokwini na kuitoa nje. Dawa iliyopaswa kujaa tumboni mwa kimelea huondolewa kabla haijafanya kazi.

Kwenye ukuta huohuo kuna jirani yake, PfMDR1, ambaye yuko kundi la tatu la pampu. Huyu naye hugusa dawa, ikiwemo lumefantrini, moja ya dawa mbili zilizomo kwenye ALu. Protini hizi mbili zinakaa mahali pamoja, lakini zinatumia nguvu tofauti na zimewekwa kwenye mafaili tofauti. Mtafiti anayetaka kuziba mlango lazima ajue kwanza ni mlango wa aina gani.

Kibaha ilitufundisha nini

Usugu wa klorokwini ulionekana Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Ulisambaa kwa sababu dawa ilikuwa kila mahali, na mara nyingi ilitumiwa nusunusu. Watafiti waliopima damu za watoto wa chini ya miaka mitano wilayani Kibaha walikuta wengi wana klorokwini mwilini hata kabla mganga wa zahanati hajawapa dawa. Wazazi walikuwa wameshaanza tiba nyumbani.

Hatuwalaumu wazazi hao. Zahanati ilikuwa mbali, mtoto anachemka, na vidonge vilikuwa dukani. Lakini dawa kidogo mwilini huua vimelea dhaifu na kuviacha vile vyenye mlango uliobadilika. Mbu hupeleka hivyo vilivyobaki kwa mtoto wa jirani.

Habari njema ni kwamba klorokwini ilipoondolewa, vimelea vyenye mlango wa zamani vilirudi kuwa wengi. Malawi, iliyoiacha mwaka 1993, ilikuwa ya kwanza barani Afrika kuonyesha hivyo, na hapa Tanzania imeonekana vilevile. Sababu moja ni kwamba mlango uliobadilika unamgharimu kimelea: hutoa dawa, lakini kazi yake ya asili huifanya vibaya. Sababu nyingine ni kwamba ALu huvipendelea vimelea vyenye milango ya zamani.

Hiyo siyo ruhusa ya kutafuta klorokwini kwa ajili ya homa ya mtoto. Ikianza kutumika ovyo tena, mlango uliobadilika utarudi haraka. Pia mkoani Kagera tayari vimethibitishwa vimelea vinavyochelewa kufa kwa atemisinini, jamii ya dawa ya pili iliyomo kwenye ALu. Usugu huo umetokana na badiliko katika protini nyingine ambayo si mlango. Ndiyo maana kila dozi ya ALu inayotumika vizuri leo, iwe Mlandizi au Maneromango, inalinda dawa ya kesho.

Wewe mzazi ufanye nini

Mtoto akiwa na homa, mpeleke apimwe kabla ya kupewa dawa yoyote. Kipimo cha haraka huchukua kama dakika 15. Kisipoonyesha malaria, usiidai ALu, kwa sababu homa ina visababishi vingi.

Akikutwa na malaria isiyo kali, ALu hutolewa kwa uzito, mara mbili kwa siku kwa siku tatu, jumla dozi sita. Dozi ya pili hutolewa saa nane baada ya ya kwanza. Mpe pamoja na maziwa, chakula chenye mafuta kidogo, au amnyonye mama, kwa sababu lumefantrini huingia vizuri mwilini ikiwa na mafuta. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi hiyo, kisha urudi kituoni kuongezewa dawa ili zisipungue. Homa ikishuka siku ya pili, usiweke vidonge akiba kwa ajili ya mdogo wake. Vimalize.

Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea sana au akipumua kwa shida, usisubiri kuche. Mpeleke hospitali mara moja.

Nyumbani kwako pia kuna dawa inayotegemea mbebaji. Kwenye utumbo wa mtoto yupo mbebaji anayeingiza sukari na chumvi kwa pamoja, na maji hufuata nyuma yake. Mara nyingi huendelea kufanya kazi hata mtoto anapoharisha. Ndiyo maana ORS ina vyote viwili: maji matupu hayatoshi, na soda yenye sukari nyingi huvuta maji na kuzidisha kuharisha. Koroga pakiti nzima kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa, mpe kidogokidogo, na ongeza vidonge vya zinki kama ulivyoelekezwa kituoni.

Milango hii hatuioni kwa macho. Kazi yetu ni kumpeleka mtoto apimwe, kumpa dawa iliyo sahihi, na kuimaliza dozi.