Chuo Kikidanganya, Deni ni la Nani?

Hebu tuanze na mfuko wa mbolea.

Umekwenda dukani. Mwenye duka anakwambia mbolea yake ni ya ajabu, ati wote walioitumia mwaka jana walijaza ghala. Huna fedha. Anakwambia usijali, mkopo upo. Unatia sahihi kwenye karatasi. Mkopeshaji anampa mwenye duka fedha mkononi, na wewe unabeba mfuko wako. Unafika shambani, unafungua. Mchanga! Mahindi hayakui. Msimu unakwisha, na mkopeshaji anabisha hodi. Unamwambia, "Bwana, ule mfuko ulikuwa mchanga." Anakujibu, "Mimi sikuuza mbolea. Mimi nilikopesha fedha. Lipa."

Je, huyo mtu alipe, au asilipe?

Swali hilo limepelekwa mahakamani huko Marekani, tena si mara moja. Lakini huko kilichouzwa si mbolea. Kilichouzwa ni masomo ya chuo, na waliodaiwa ni maelfu kwa maelfu ya watu.

MKOPO UNAVYOTEMBEA

Marekani masomo ya chuo hulipiwa, na ada ni kubwa. Mtu asiye na fedha anaweza kukopa kwa serikali. Mpango huo unatokana na Sheria ya Elimu ya Juu ya mwaka 1965. Siku hizi watu zaidi ya milioni 40 wanadaiwa na serikali yao kwa sababu ya masomo.

Angalia vizuri fedha zinavyotembea. Ada haipiti mkononi mwa mwanafunzi. Inatoka serikalini, inaingia chuoni. Mwanafunzi anabaki na deni na riba yake. Riba ni ile nyongeza anayotozwa mkopaji juu ya fedha alizokopa. Chuo kikishapokea ada, hata mwanafunzi asipopata kazi, chenyewe kimekula.

Na deni hili ni gumu kuliko mengine. Mfanyabiashara akifilisika, mahakama inaweza kumfutia madeni yake. Deni la masomo halifutwi kirahisi hivyo. Tangu mwaka 1991 halina hata kikomo cha miaka. Mtu anadaiwa mpaka mvi. Akishindwa kulipa, serikali inaweza kumkata mpaka asilimia 15 ya mshahara unaobaki baada ya kodi, bila kumpeleka mahakamani kwanza. Yaani katika kila shilingi 100, shilingi 15 hazionekani. Wazazi wenye watoto waliosomeshwa na Bodi ya Mikopo hapa kwetu hesabu hiyo wanaijua, maana watoto wao wakiajiriwa nao hukatwa 15 kwa 100 ya mshahara.

KAMPUNI ILIYOUZA MASOMO

Kuna vyuo vya serikali huko, na kuna vyuo vya dini na vya hisani. Kuna pia vyuo vya makampuni, vilivyofunguliwa kwa kutafuta faida. Si vyote vibaya. Lakini baadhi yao, mwe!

Kampuni moja iliitwa Corinthian Colleges. Ilianza mwaka 1995 katika jimbo la California, ikakua mpaka ikawa na matawi zaidi ya 100 yenye majina mbalimbali: Everest, Heald, WyoTech. Ilifundisha uuguzi msaidizi, ufundi wa magari, kazi za ofisi na mengineyo. Ilitangaza kwenye televisheni mchana, wakati wasio na kazi wako nyumbani. Mwaka 2013 serikali ya jimbo la California iliishitaki. Katika hati ya mashitaka ilielezwa kwamba karatasi za kampuni yenyewe ziliwataja watu iliowatafuta: watu wasiojiamini, wapweke, waliokwama, wasio na wa kuwajali. Hebu fikiri. Mwindaji anayejua mnyama mchovu hunywa maji wapi hana haja ya kukimbia.

Kampuni iliwaambia hao watu kwamba wanaohitimu kwake wanapata kazi, na ikawaonyesha hesabu. Hesabu zilikuwa za uongo. Mwezi wa Aprili 2015 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitamka kwamba vyuo vya Heald vilitoa hesabu za kupotosha kuhusu kazi za wahitimu wake mara 947. Kampuni ikatozwa faini ya karibu dola milioni 30. Kabla mwezi haujaisha ikafunga matawi yote yaliyobaki. Wanafunzi kama 16,000 waliamka asubuhi wakakuta chuo hakipo.

Mwaka uliofuata mahakama ya California iliiamuru kampuni ilipe zaidi ya dola bilioni moja. Bilioni moja ni milioni 1,000. Lakini kampuni ilikuwa imekwisha filisika, na hapakuwa na cha kukamata.

Chuo kimekufa, na kumbe deni la mwanafunzi liko hai.

KIFUNGU KILICHOLALA

Sasa tusome sheria. Mwaka 1993 Bunge la Marekani liliweka kifungu kifupi. Kilimtaka Waziri wa Elimu aandike kanuni za kueleza ni makosa gani ya chuo yanaweza kumpa mkopaji kinga ya kutolipa deni lake. Kwa lugha ya shambani: ukiuziwa mchanga, unaweza kumwambia mkopeshaji kuwa ulikuwa mchanga, na yeye analazimika kukusikiliza.

Kifungu kilikuwapo, lakini kililala kama mbegu katika kibuyu. Kwa miaka 20 hivi karibu hakuna aliyekitumia. Wakopaji hawakukijua. Hata fomu ya kuombea haikuwapo.

Mwezi wa Februari 2015 watu 15 waliosoma katika vyuo vya Corinthian walitangaza kwamba hawatalipa. Walisaidiwa na chama cha wadaiwa kiitwacho Debt Collective. Kugoma peke yake kungewaponza, maana mshahara ungekatwa tu. Lakini chama hicho kilifanya jambo la akili: kilikichimbua kile kifungu cha 1993, kikatengeneza fomu, kikawagawia watu waijaze. Maombi yakaanza kumiminika wizarani.

BARUA ISIYOJIBIWA

Hapa ndipo mawakili walipoingia, nami nataka tukae kidogo hapa, kwa sababu walichokiomba si kile ambacho wengi wetu tungedhani.

Tangu Juni 2018 mpaka Desemba 2019 Wizara, chini ya Waziri Betsy DeVos, haikutoa uamuzi hata kwa ombi moja. Miezi 18! Maombi yalikuwa yamefika kama 160,000. Mtu ameandika, ameeleza alivyodanganywa, ameambatanisha karatasi zake, halafu kimya. Na kimya kile kilikuwa na gharama. Hawezi kukopa tena kwa kununua nyumba. Riba inaongezeka kwa wengi wao. Hajui kama yeye ni mdaiwa au si mdaiwa.

Juni 2019 watu saba walifungua kesi katika mahakama ya serikali kuu huko San Francisco. Hawakufungua kwa ajili yao saba tu. Walifungua kesi ya pamoja, yaani kesi ambayo wachache wanasimama kwa niaba ya wote wenye shida ile ile. Ni kama wanakijiji wanavyotuma wajumbe kwa mkuu wa wilaya, wasiende wote. Mawakili wao hawakuwatoza fedha. Wengine walitoka katika kituo cha msaada wa kisheria cha Harvard, ambako wanafunzi wa sheria hujifunza kazi pamoja na walimu wao. Wengine walitoka katika ofisi ya mawakili wa haki za wananchi mjini Oakland.

Waliomba nini? Hawakumwambia jaji, "Tufutie madeni." Walisema, "Mwamuru Waziri atujibu."

Basi. Atujibu tu. Iko sheria ya mwaka 1946 inayosema ofisi ya serikali haina ruhusa ya kuchelewesha jambo la mwananchi bila sababu ya maana. Ofisi inaweza kukataa, inaweza kukubali, lakini haiwezi kukalia barua. Mawakili walishika hapo hapo. Walijua kumshinda mtu anayesema "hapana" ni vigumu. Lakini anayekaa kimya hana cha kujitetea, maana hata sababu hajaitoa. Mamia ya wakopaji walileta hati za viapo kueleza yaliyowapata. Karatasi hizo zilimwonyesha jaji kwamba 160,000 si namba tu.

Jaji aliitwa William Alsup. Aprili 2020 pande mbili zilipatana: Wizara itatoa majibu katika miezi 18. Wengine wakashangilia.

Haraka mno.

Wizara ilianza kujibu kweli, lakini majibu yalikuwa "hapana, hapana, hapana." Jaji alikuja kukuta kwamba katika kila maombi 100 yaliyoamuliwa, 94 yalikataliwa. Barua zilifanana kama matofali ya kinu kimoja. Nyingi zilisema ushahidi hautoshi. Upi uliopungua? Barua haikusema. Na baadhi ya waliokataliwa walikuwa wamesoma katika vyuo ambavyo ubaya wake Wizara yenyewe ilikuwa imeuona.

Oktoba 2020 Jaji Alsup alikataa kuyapitisha mapatano yale. Alisema barua ya namna hiyo si jibu. Mtu hawezi kukata rufaa dhidi ya sababu asiyoijua. Kesi ikaendelea.

Mimi naona huu ndio moyo wa habari nzima. Ukipewa "hapana" bila sababu, umefukuzwa mlangoni kwa adabu tu.

MWAKA 2022

Waziri akabadilika, akaja Miguel Cardona. Juni 2022 mambo mawili yalitokea katika mwezi mmoja. Kwanza, Wizara ilitangaza kufuta madeni yote ya serikali ya waliosoma katika vyuo vya Corinthian, hata ya wale ambao hawakuandika ombi lolote. Watu 560,000, dola bilioni 5.8. Miaka saba ilikuwa imepita tangu milango ile ifungwe.

Pili, mapatano mapya ya kesi ya San Francisco. Jaji aliyapitisha Novemba 2022. Waliosoma katika vyuo zaidi ya 150 vilivyotajwa katika orodha, watu kama 200,000, walifutiwa deni lote, wakaahidiwa kurudishiwa walichokwisha kuilipa Wizara. Jumla ilikadiriwa kuwa dola bilioni 6. Walioomba kuhusu vyuo vingine waliwekewa tarehe za kupata majibu. Na hapa mawakili waliweka mtego mzuri: Wizara ikipitisha tarehe bila kumjibu mtu, deni lake linafutwa. Sasa anayechelewa ndiye anayeumia.

Vyuo vitatu vilivyokuwa katika orodha vilikimbilia Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani kutaka kuzuia, vikidai jina lao limechafuliwa. Aprili 2023 Mahakama hiyo ilikataa kuyasimamisha mapatano.

Tusichanganye jambo hili na jingine. Mwaka 2022 huo huo Rais Biden alitaka kuwapunguzia wakopaji karibu wote madeni yao, dola 10,000 au 20,000 kila mmoja, wawe walidanganywa au hawakudanganywa. Juni 30, 2023 Mahakama ile ile ilisema hapana, majaji sita kwa watatu, kwamba sheria aliyoitegemea Rais haikumpa uwezo huo. Wapo waliosikia redioni "madeni yamefutwa", kisha "hayakufutwa", wakadhani serikali imegeuka kigeugeu. Yalikuwa mambo mawili. Msamaha wa Rais ulianguka. Walioshika kifungu cha 1993, wakadai kwa maandishi, madai yao yalisimama.

ILIPOFIKIA

Ugomvi haujakwisha. Kanuni za kifungu hiki zimekuwa kama kamba ya kuvutana, serikali moja inalegeza, nyingine inakaza. Zilizotungwa mwaka 2022, ambazo zilikuwa nafuu kwa mkopaji, Bunge lilizisukuma mbele mwaka 2025 kwa mikopo itakayotolewa kabla ya Julai 2035. Lakini kifungu chenyewe hakijafutwa, na watu bado wanajaza fomu. Anayeomba anatakiwa aeleze ni chuo gani, alisoma miaka ipi, aliambiwa nini kabla ya kujiandikisha, kilichotokea baadaye ni nini, na ameumia vipi. Anaweza kuambatanisha karatasi alizonazo: tangazo, barua, mkataba, matokeo ya mtihani.

Wengi hawana karatasi hizo. Walizitupa siku chuo kilipofungwa, kwa hasira.