Volkswagen au Peugeot 404: Ipi Yenye Nguvu Zaidi?

Jumapili moja hapa Sange, baada ya Misa, tuliwakuta vijana wakibishana juu ya picha ya zamani. Ilionyesha motokaa mbili: Volkswagen ndogo yenye mgongo wa kobe, na Peugeot 404. Kila upande ulitaja ushindi wa mashindano ya Safari, nasi tukaombwa kuamua.

Wote walisema kweli. Mashindano hayo ya Afrika ya Mashariki yalianza mwaka 1953, na baadaye yakafanywa siku za Pasaka, katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda kwa Volkswagen. Mwaka uliofuata motokaa 84 ziliondoka, zikamaliza 7 tu. Ya kwanza ilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki. Peugeot 404 ilishinda tena miaka ya 1966, 1967 na 1968.

Basi tuzipime kwa kipimo kimoja. Injini ya Volkswagen ya wakati ule ina ujazo wa sentimita 1,192 na nguvu za farasi 40; motokaa yenyewe ina uzito wa kilo 740 hivi. Injini ya Peugeot ina ujazo wa sentimita 1,618 na nguvu za farasi 72. Uzito wake ni kilo 1,070 hivi. Ya kwanza hukimbia kilometa 115 kwa saa, ya pili kadiri ya 145.

Sasa, wanafunzi, shikeni kalamu. Zikiwa tupu, kila farasi wa Volkswagen huvuta kilo 18 na nusu, na wa Peugeot kilo 15. Tofauti si kubwa. Lakini pakieni baba, mama, watoto na mizigo, jumla kilo 350. Farasi wa Volkswagen atavuta kilo 27, na wa Peugeot 20 tu. Mzigo ule ule humlemea mdogo zaidi.

Hata hivyo mdogo ana fadhila zake. Injini yake iko nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo huyakandamiza yasiteleze ovyo katika matope. Tena hupozwa kwa hewa, wala haina rejeta ya kuvuja. Peugeot hupozwa kwa maji. Yakiisha, injini huungua. Lakini feni ya Volkswagen huzungushwa na mkanda: mkanda ukikatika, dereva asimame mara moja. Na mlimani atumie gia ndogo, ili feni izunguke upesi.

Sisi twaijua maana ya jambo hili. Ziwa Tanganyika liko meta 773 juu ya bahari, na Ziwa Kivu meta 1,460. Anayetoka Sange kwenda Bukavu huacha joto la bonde la Ruzizi, akapita Kamanyola, kisha akapanda Ngomo penye makorongo. Hapo sifa za picha hazisaidii. Motokaa iliyojazwa kupita kiasi huchoka ikipanda, na ikishuka breki zake hupata moto na kulegea.

Hukumu yetu ilikuwa hii: kwa mtu mmoja au wawili katika matope, Volkswagen, kwa jamaa nzima mlimani, Peugeot. Nawe baba unayenunua motokaa, ya zamani au ya leo, usiulize kwanza ina farasi wangapi. Uliza kila farasi atavuta kilo ngapi, maana juu ya kilo hizo wameketi watoto wako.